Misumari ya Kitanda cha Tatu

Jina lake sitaliandika. Yeye mwenyewe hakulipenda, na sisi huku Ngungu tulimwita Fundi tu. Mafundi wengine walikuwako, wa milango na wa mabati, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yule mtu wa pori la Walikale, mwembamba, shingo ndefu, anayeingia nyumbani mwa watu akiangalia juu kabla ya kusalimia.

Tabia hiyo iliwaudhi wazee. Umekaa, umevaa vizuri, umemwekea mgeni kiti, naye anaangalia miti ya paa lako. Baba mkwe wangu alimwambia siku moja, "Fundi, miye niko huku chini."

"Nimekuona, Papa. Lakini ule muti wako wa katikati, umeuona?"

Baba mkwe akaangalia juu. Kesho yake kiti chake kilikuwa kimehamia karibu na mlango, na hakikurudi katikati mpaka siku tulipomzika.

Njo vile alikuwa. Alikuwa mtu wa hofu, na hofu yake iliambukiza kama upele. Alikula akiwa karibu na mlango. Upepo ukivuma, anaweka bugali chini na kusikiliza. Alizaliwa porini, katika miti mikubwa kuliko kanisa, baba yake mwindaji, lakini yeye hakutaka nyama ya pori na hakupenda kulala karibu na mti. Nilimwuliza sababu. Akasema, "Mama, weye unaonaka muti. Miye naonaka kintu ambacho hakijaanguka bado."

Kazi yake ilikuwa plafon, dari ya ndani ya nyumba. Miaka ile ya kwanza ya uhuru, nyumba zetu nyingi hazikuwa na kitu kati ya kichwa cha mtu na paa. Masizi yanashuka katika maharagi, panya anatembea, na kama una bati, asubuhi linatoa jasho na kukudondokea. Kwa misioni walileta plaki, mbao nyeupe za chokaa zilizofungwa karatasi pande zote mbili kama jalada la daftari, nzito kama mtoto wa miaka kumi. Ukitaka kuikata, unachora na kisu kwenye karatasi, unaiweka juu ya goti, inavunjika mstari mmoja. Ukiiacha mvuani inageuka uji. Fundi alijifunza kuifunga kwa mzungu mmoja kule Bukavu, na akaileta kazi hiyo kwetu milimani, mahali ambapo hakuna mti mmoja wa paa uliokaa sawa na mwenzake.

Na hiyo njo ilikuwa taabu yake yote. Miti yetu ya paa ilikuwa mikalitusi. Watu wanaikata mibichi, wanaipandisha mibichi, inakaukia juu ya nyumba na kujinyonga kama nguo inayokamuliwa. Mmoja unashuka vidole viwili, mwingine unapanda vitatu. Fundi mwingine angepigilia plaki vilevile, na plafon yako ingekuwa na vilima na mabonde kama Masisi yenyewe. Yeye hapana. Alifunga kamba kutoka ukuta mpaka ukuta, akaikaza mpaka inalia ukiigusa, na kila mahali ambapo mti uko juu ya kamba anaongeza vipande vya mbao nyembamba mpaka vifike kwenye kamba. Kimoja, viwili, hata vitano. Ukimbishia alisema, "Usiniangalie miye. Angalia kamba." Alisema hivyo kwa padri. Alisema hivyo kwa muke wake, wanasema, siku walipogombana juu ya jambo ambalo halikuwa na kamba yoyote.

Mtu huyo wa kamba alivaa shati lililofungwa vifungo kombo kila siku. Kila siku! Mjane jirani yangu, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo ya bonde, alimwambia, "Fundi, leta kamba tukupime kifua." Akafungua vifungo, akavifunga tena, kombo upande wa pili.

Makosa alifanya pia, na mimi sitaki kumfanya malaika. Plafon yake ya kwanza hapa, katika nyumba ya mwalimu, alikosa dawa ya kuziba nafasi kati ya plaki na plaki. Akapika unga wa mihogo, akatoa gundi nzito, akabandika vitambaa na kupaka chokaa. Ilipendeza. Mwalimu akaita watu waje kuona. Baada ya wiki tatu mende na panya wakagundua kwamba mwalimu ameweka bugali juu ya nyumba. Walikula mistari yote. Mwalimu alifundisha akiwa na chokaa kichwani, na watoto walimcheka hadharani. Fundi hakucheka. Alirudi, akabandua vyote, akapika gundi upya, safari hii amechanganya majivu na majani machungu, na kabla ya kubandika akailamba mbele ya mwalimu. "Iko muchungu," akasema, uso umekunjamana. "Panya ataacha." Panya aliacha.

Sasa niseme jinsi nilivyoingia katika kazi yake.

Plaki inataka watu wa kuishikilia juu wakati fundi anapiga misumari. Alijaribu wanaume. Mikono inatetemeka, wanataka kupumzika, wanataka kuongea. Akaona wanawake wakitoka sokoni na mizigo juu ya ngata, hawashiki kwa mkono, wanagombana njiani na mzigo hautikisiki. Akaja kutuomba. Alituweka wawili juu ya meza mbili, mimi na yule mjane, ngata kichwani, plaki juu ya ngata. Yeye anapita kati yetu na nyundo, misumari imejaa mdomoni. Kila pigo linaingia katika meno yako. Tulilipwa chumvi, na kipindi kile chumvi ilikuwa kitu.

Kwa sababu ya misumari mdomoni Fundi hakujibu kwa maneno akiwa kazini. Alitikisa kichwa: ndiyo, au hapana. Kumbukeni hilo.

Kazi kubwa aliyofanya kwetu ilikuwa materniti. Nyumba ndefu, vitanda sita, mabati, na juu ya vitanda hakuna kitu. Mimi mtoto wangu wa kwanza nilimzaa nyumbani na nilimzika baada ya siku nane. Wa pili nilitaka nimzae pale, mahali pasafi, kwa Sista, mtawa aliyeitunza nyumba ile. Nilikuwa na mimba ya miezi saba kazi ilipoanza. Fundi aliponiona napanda meza akakataa.

"Mama mwenye mimba asisimame chini ya kintu ambacho hakijafungwa."

"Nani atasimama? Weye?"

"Nitatafuta mwengine."

"Tafuta. Miye ningali hapa juu ya meza, shingo yangu inangoja."

Mjane akacheka, Sista akachungulia kuona kuna nini, na Fundi akashindwa. Lakini kila plaki aliyoweka juu ya kichwa changu alipiga msumari wa kwanza upande wangu.

Miti ya materniti ilikuwa mibaya kuliko yote aliyowahi kuona. Mahali pa kitanda cha tatu, mti ulikuwa umepanda vidole vitatu juu ya kamba. Vipande vinne vilihitajika, na kupitia vipande vinne unahitaji msumari mrefu, wa urefu wa kiganja. Misumari mirefu ilikuwa katika kamio, lori la mizigo, na kamio lilikuwa limekwama katika matope, juma la pili sasa. Sista alitaka kazi iishe, kwa sababu Jumapili askofu anakuja kubariki nyumba.

Fundi alifanya hivi. Kipande cha kwanza akakipigilia kwenye mti kwa misumari mifupi. Cha pili akakipigilia kwenye cha kwanza. Cha tatu kwenye cha pili, cha nne kwenye cha tatu. Kila kimoja kilishikwa na mwenzake, na hakuna msumari hata mmoja uliopita vyote mpaka kwenye mti. Nilikuwa chini yake, nilisikia anavyopumua. Kisha akaweka plaki. Ilikaa kwenye kamba sawa kabisa.

Sista akaingia. "Fundi, imekwisha?"

Misumari ilikuwa mdomoni. Akatikisa kichwa: ndiyo.

Mimi nilimwona. Nilidhani ni uchovu tu, kile nilichokiona usoni mwake.

Askofu alikuja, akabariki, akaangalia juu, akasema hata kule kwa watu wakubwa hajaona plafon iliyonyooka hivi. Watu wakapiga makofi. Fundi alisimama karibu na mlango.

Mtoto wangu, msichana, alizaliwa wiki mbili baadaye, na kitanda alichonipa Sista kilikuwa cha tatu. Siku ya kwanza Fundi alikuja, akasimama dirishani, hakuingia. Nikadhani anasalimia. Siku ya pili akaja asubuhi na jioni. Siku ya tatu mvua ilinyesha sana na alisimama nje ndani ya mvua ile, maji yanatiririka usoni, macho ndani. Wamama wengine wakaanza kuguna. Wewe unajua watu. Siku ya nne mume wangu aliingia na hakuuliza mtoto amenyonya ao hapana.

"Ule muntu wa pori anatafuta nini ku dirisha?"

"Anaangalia plafon."

"Plafon! Muntu gani anatembea saa nzima katika matope juu ya kuangalia plafon?"

"Fundi."

"Anakuangaliaka weye ao anaangaliaka mutoto? Niambie. Juu bantu banasema mutoto iko na shingo ndefu."

"Mutoto wa siku ine hana shingo," nikamwambia. "Rudi nyumbani, ulime maharagi."

Alirudi, lakini nilijua jambo hilo halijaisha. Fundi alipokuja jioni, nilichukua mtoto mgongoni, nikatoka nje, nikamshika mkono mbele ya watu wote.

"Papa, unaharibu nyumba yangu. Sema sasa hivi unatafuta nini."

Hakuwa na msumari mdomoni, na bado maneno yalikawia.

"Mama, toka ku kile kitanda."

"Juu ya nini?"

Akanieleza. Mbao ya vile vipande vinne ilikuwa mbichi, ikikauka itajinyonga, misumari mifupi italegea, plaki itakuja. Lini? Hajui. Labda mwaka, labda kesho. Pembe ya plaki ile ingeshuka palepale mahali pa kichwa cha mtoto.

Nilimhamisha mtoto kutoka mgongoni mpaka kifuani. "Na Sista?"

"Nilimwambia imekwisha. Na askofu amebariki. Nikisema sasa, nani atanipa tena kazi? Kamio liko karibu. Nipe wiki moja, Mama. Wiki moja tu, usiseme."

Nilipaswa kwenda kwa Sista wakati uleule. Nimejiambia hivyo miaka yote. Lakini nilimwangalia yule mtu, shati kombo, maji ya mvua masikioni, nikasema, "Wiki moja." Nikaingia ndani, nikavuta kitanda cha tatu mpaka ukutani, na mwanamke wa kitanda cha pili akanisaidia. Nilimwambia kuna upepo. Mume wangu nilimweleza ukweli nyumbani, naye akamchukua mtoto mikononi mwangu, akasema, "Kumbe alikuwa anachunga mutoto wangu." Akampelekea kasiksi, pombe ya ndizi, chupa mbili. Fundi hakuinywa.

Wiki ile haikuisha. Kamio lilifika siku ya tano, na siku ya sita fujo ilianza katika vilima. Wale wa huku wakawauliza wale wa kule walitoka wapi. Fundi, mtu wa mbali, aliambiwa na kijana mmoja njiani kwamba ni vizuri asionekane tena. Aliondoka asubuhi, kwa mguu, kufuata pori, mfuko mmoja begani. Sista naye alihamishwa. Materniti ikafungwa miezi mingi.

Ilipofunguliwa tena, nilikwenda siku ya kwanza. Kitanda cha tatu kilikuwa kimerudishwa mahali pake. Nilimwambia Sista mpya, mwanamke mwema, kijana. Nilimwambia yote. Alisimama katikati ya nyumba, akainua uso, akaangalia, kisha akanicheka taratibu, bila ubaya.

"Mama, iko sawasawa kama meza. Mbovu ni gani?"

"Ile ya kitanda cha tatu."

"Ni ile inapendeza kuliko zote."

Na ilikuwa kweli. Kama angeifunga vibaya, ikalegea machoni, wangenisikiliza. Aliifunga kwenye kamba, na kamba ilinifanya mimi mwongo. Misumari mirefu sokoni kwetu haikuwako, ilikuwako ya inchi moja tu, ya kufungia viatu na masanduku. Basi kila siku ya soko nilipita materniti. Naingia, nasalimia, nasema kuna upepo, navuta kitanda. Siku ya soko inayofuata nakikuta kimerudi, nakivuta tena. Wauguzi waliniita Mama Upepo. Niliingia nyumbani mwa watu nikiangalia juu kabla ya kusalimia. Siku moja mjane aliniambia, "Angalia shati lako." Nilikuwa nimefunga vifungo kombo.

Miaka minne ilipita hivyo. Mwishoni mwa miaka ile ya sitini njia zilitulia, na wanawake wa kwetu wakaanza tena kushuka porini na maharagi, kutafuta mafuta ya mawese. Nilikwenda pamoja nao mpaka Itebero, siku nne kwa mguu, matope mpaka magotini. Wengine wakaendelea mpaka Hombo kwenye barabara kubwa. Mimi nilibaki Itebero kwa sababu ya mguu uliovimba, na nikauliza watu, kuna fundi hapa, mtu wa shingo ndefu?

Walinionyesha nyumba ya mwisho. Nilipoingia niliangalia juu. Hakukuwa na plafon. Majani tu, na masizi, na mianga midogo ya jua. Yeye alikuwa kwenye mkeka, karibu na mlango, amekonda, pumzi fupi. Hakunisalimia. Hakuuliza mguu wangu, hakuuliza mume, hakuuliza hata mtoto.

"Iko juu?"

"Iko juu," nikasema.

"Hamujafunga?"

"Na nini?"

Akafumba macho. Kisha akaita muke wake, na muke wake, bila kuuliza, akatoa kitu kutoka ndani ya kikapu kilichoning'inia juu ya moto. Kilikuwa kimefungwa katika majani ya ndizi, na ndani ya majani kitambaa, na ndani ya kitambaa misumari sita, mirefu, imepakwa mawese, haina kutu hata kidogo.

"Anaipakaka kila mwezi," muke wake akaniambia. "Nilifikiri ni dawa ya wazee."

"Niliitoa kwa kamio siku ile ya tano," Fundi akasema. "Siku ya sita nilikuwa nakuja. Nilifika mpaka kwa kijito. Walinirudisha." Akapumzika. "Mine kwa pembe. Mbili kwa katikati. Kwanza muinue, Mama. Iinuliwe mpaka isikike imegusa. Usipige kabla haijagusa."

"Nimesikia."

"Usimwache mwanaume ainue."

"Fundi, nimesikia."

Nilimpa maharagi, nusu ya mzigo wangu. Sikumwambia kwamba watu wote waliisifu ile plaki, wala kwamba Sista alinicheka. Nilimwambia msichana ana shingo fupi kama baba yake. Alicheka kidogo na kukohoa sana. Nilipoinuka kwenda aliniangalia, uso wangu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kisha macho yakapanda tena kwenye majani. Hakumaliza msimu ule wa mvua. Habari ilinifikia kwa wauza mafuta.

Niliporudi Ngungu sikuoga. Nilimwita mjane, tukaingia materniti saa ya mchana, akina mama wako nje wanaota jua. Muuguzi akauliza, "Mama Upepo, leo tena?" Nikamwambia alete meza mbili. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alizileta.

Nilipanda, ngata kichwani, nikasimama chini ya plaki ya kitanda cha tatu na kunyoosha magoti polepole. Ilikuja pamoja nami. Kwa macho ilikuwa imenyooka kama siku ya askofu, lakini ilipanda juu ya kichwa changu upana wa kidole kizima, bila kushikwa na kitu, halafu nikasikia imegusa.

"Imegusa?" mjane akauliza, nyundo mkononi, misumari mdomoni, maneno yanatoka kombo.

Sikuweza kutikisa kichwa, mzigo wote ulikuwa juu yake.

"Imegusa," nikasema. "Piga."